WAFUASI WENGI SI USHAHIDI: UNAMPIMAJE MTU ANAYEKUSHAURI MTANDAONI?

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahli zake na maswahaba zake. Amma baad.

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo kila mwenye simu analifanya kila siku bila kujua kwamba analifanya, nalo ni KUMPIMA MTU. Unauliza swali kwenye kundi, watu ishirini wanajibu. Wengi wao huwajui. Kwa nini ukalichukua jibu la huyu ukaacha la yule? Ukijichunguza kwa haki utakuta umetazama namba. Ana wafuasi wangapi? Amepigiwa vidole gumba vingapi? Ana alama ya tiki pembeni ya jina? Ni admini? Hiyo namba umeifanya shahidi, na wewe umekuwa kadhi. Sasa kadhi mzuri humuuliza shahidi: wewe unashuhudia nini hasa?

Nazungumzia zaidi makundi ya watu wa fani: mafundi, wauguzi, walimu, wakulima, wavuvi, wahasibu, waandika programu, na sisi masheikh pia tumo. Huko ushauri si soga la kijiweni. Mtu anachukua jibu anakwenda kulitumia kwenye mwili wake, mali yake au chombo chake.

TUKIO LA ZIWANI

Nitoe mfano wa hapa kwetu Musoma. Lipo kundi la WhatsApp la wavuvi na mafundi wa injini za boti. Mimi si mvuvi, lakini baadhi yao naswali nao hapa Mwisenge, na haya wamenieleza wenyewe na kunionyesha maandishi yake.

Kijana mmoja aliuliza kwamba injini yake, hizi za kuchanganya oili na petroli, inatoa moshi mwingi na plagi inachafuka kila baada ya siku mbili. Afanye nini? Akajibu mtu mmoja maarufu sana kundini. Huyu anaandika asubuhi na jioni, anachekesha, ni mmoja wa maadmini, na wengine wamezoea kumwita "injinia". Akamwambia apunguze oili, aweke nusu ya ile anayoweka siku zote. Vidole gumba vikamiminika. Nilivihesabu, vilipita arobaini.

Chini yake akaandika mzee mmoja fundi. Mzee huyu amekuwa akifungua injini pale Mwigobero tangu baadhi ya wanakundi hawajazaliwa, lakini kuandika kwenye simu kunampa tabu. Akaweka maneno machache tu: oili isipunguzwe, kwanza aangalie kabureta na aina ya oili anayonunua. Hakupata kidole hata kimoja. Mazungumzo yakaendelea na mambo ya mpira.

Kijana akawafuata wale arobaini. Usiku wa tatu, yeye na wenzake wawili wakiwa mbali na nchi kavu, injini ikanoki. Kasia walikuwa nalo moja. Upepo ukawachukua usiku kucha, mpaka alfajiri wakakutwa na boti ya dagaa iliyokuwa inarudi. Allah aliwahifadhi. Lakini mama wa yule kijana alikuja msikitini baada ya swala ya Alfajiri kutuomba tumwombee mwanawe, na wakati ule hakujua kama anaombewa aliye hai au maiti.

Ndugu yangu, tazama vizuri. Jibu sahihi lilikuwemo ndani ya kundi. Lilifika kwa wakati, limeandikwa kwa Kiswahili, na kila mtu aliliona. Watu walilipita kwa sababu kipimo walichokuwa nacho mkononi hakikuwa na uwezo wa kulitambua.

KUSIKIKA NA KUAMINIKA

Kuna mambo mawili tunayachanganya. La kwanza ni USHAWISHI, yaani mtu akisema, wangapi wanasikia na wangapi wanafuata. La pili ni UAMINIFU KATIKA FANI, yaani mtu akisema, je, analosema huwa kweli? Yanaweza kukutana kwa mtu mmoja, na alhamdulillah wapo watu wa namna hiyo. Lakini hakuna anayelazimisha yakutane. Yule mchekeshaji wa kundini alikuwa na la kwanza. Yule mzee alikuwa na la pili.

Namba nyingi za mtandaoni zinapima la kwanza, halafu sisi tunazisoma kana kwamba zimepima la pili.

Wenzetu wa nchi za mbali wameshahangaika sana na jambo hili. Kijana wetu mmoja anayeandika programu za kompyuta alinikalisha chini baada ya Isha akanieleza, na nikaona kuna mafunzo.

Mwaka 2008 kule Marekani ilianzishwa huduma iitwayo Klout. Kazi yake ilikuwa kukusanya shughuli zako kwenye mitandao na kukupa namba moja, kuanzia 1 hadi 100, ya kuonyesha ushawishi wako. Kuna wakati mwimbaji kijana Justin Bieber alikuwa na 100 kamili, juu ya Barack Obama ambaye alikuwa ndiye Rais wa Marekani. Watu wakacheka, na mwaka 2012 wenye Klout wakabadilisha hesabu yao. Tarehe 25 Mei 2018 huduma yenyewe ikafungwa. Hesabu ya mwanzo haikukosea kujumlisha. Ilipima kelele, ikapata kelele. Kosa ni la aliyedhani amepimiwa uzito wa mtu.

Watafiti wa vyuo vikuu nao wana mtandao wao, ResearchGate, ulioanza mwaka huohuo wa 2008. Kila mtafiti alikuwa akipewa alama. Wakalalamika kwamba haijulikani inakokotolewaje, na mwaka 2022 ikaondolewa. Hawa ni wasomi wa shahada kubwa kabisa, na wao pia namba iliwasumbua. Basi usijione mjinga ikikusumbua wewe.

Mfano ulionivutia zaidi ni wa Stack Overflow, mahali ambapo waandika programu wa dunia nzima huulizana na kujibizana, tangu 2008. Pale jibu lako likipigiwa kura ya kukubaliwa unapata alama 10. Aliyeuliza akithibitisha kwamba jibu lako ndilo lililomfaa, unapata 15. Likipigiwa kura ya kukataliwa unapoteza 2. Na sikiliza hili: anayepiga kura ya kukataa jibu la mwenzake naye anapoteza alama 1. Yaani ukitaka kumkosoa mtu, ulipe kidogo, ili usikosoe kwa chuki au mchezo. Tena mgeni haruhusiwi kupiga kura mpaka afikishe alama 15, na haruhusiwi kupiga kura ya kukataa mpaka afikishe 125. Anayetaka kuwapima wengine lazima kwanza naye apimwe.

Hapo kuna akili. Kura ya mwenye fani imetofautishwa na kura ya mpita njia, na aliyetumia jibu likamfaa amepewa uzito zaidi ya aliyelipenda tu. Hata hivyo kijana wetu aliniambia kasoro yake. Waliojibu maswali mepesi miaka ya mwanzo bado wanavuna alama mpaka leo, kwa sababu kila mwanafunzi mpya analipita swali lile na kulipigia kura. Aliyetatua jambo gumu ambalo watu wachache duniani wanalihitaji ana alama kiduchu. Kwa hiyo hata kipimo kizuri kinapima kile kinachoulizwa sana, na si lazima kiwe ndicho kizito zaidi.

HAPA TANZANIA

Usidhani haya ni ya Wazungu. JamiiForums, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi, imekuwa mahali ambapo Watanzania wanaulizana mambo ya sheria, elimu, teknolojia, na hata maradhi kwenye sehemu iitwayo JF Doctor. Watu wengi pale hutumia majina ya kubuni. Pembeni ya kila mwandishi utaona amejiunga lini, ameandika mara ngapi na amepata alama ngapi kutoka kwa wasomaji. Wapo wenye cheo kilichoandikwa "JF-Expert Member".

Sisemi ni kibaya. Kinakueleza kwamba huyu ni mwenyeji, ameshiriki sana, si wa jana. Ni habari yenye faida. Lakini mgonjwa wa kisukari anayesoma neno "Expert" usiku wa manane, na huku mguu una kidonda, anaweza kudhani ametajiwa bingwa wa kisukari. Wenyeji wa mahali si ubingwa wa tiba. Mtu anaweza kuwa ameandika mara elfu kumi kuhusu siasa na mpira, kisha mara moja akaandika kuhusu insulini, na ile hesabu ya elfu kumi ikamsindikiza.

Na LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi ulioanza 2003, mwaka 2012 uliweka utaratibu wa watu kuthibitisha ujuzi wa wenzao kwa kubofya tu. Vijana wetu wanaotafuta ajira wanaufahamu mchezo: "Nithibitishe na mimi nikuthibitishe." Mtu anathibitishiwa uhasibu na rafiki aliyesoma naye darasa la saba, ambaye hajawahi kuona hata daftari lake la mapato.

WANAZUONI WETU WALIPIMAJE?

Sasa nikurudishe nyumbani. Umma huu uliwahi kuwa na mtandao mkubwa wa watu wa fani, kutoka Khurasani mpaka Andalusia, bila simu wala umeme. Ni mtandao wa wapokezi wa Hadithi. Kila mmoja anasema, "nimesikia kwa fulani." Maelfu ya watu, miji mbalimbali, vizazi kadhaa. Nani aaminiwe? Wakaiunda elimu ya Jarh wa Taadil, yaani elimu ya kukosoa na kuthibitisha wapokezi. Al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria (1449), katika kitabu chake Taqribut Tahdhib aliwapanga wapokezi katika daraja kumi na mbili. Zingatia mambo manne katika elimu hiyo.

La kwanza: WINGI WA WANAOKUFUATA UNAKUTOA GIZANI, HAUKUPI UAMINIFU. Wanazuoni walimzungumzia mtu aitwaye majhul, asiyejulikana. Kama amepokea kutoka kwake mtu mmoja tu na hakuna aliyemthibitisha, huyo hajulikani hata nafsi yake. Wakipokea kutoka kwake wawili au zaidi, na bado hakuna mjuzi aliyemthibitisha, nafsi yake imejulikana lakini hali yake haijulikani. Soma tena hapo polepole, ndugu yangu. Wanaokufuata wamethibitisha kwamba upo. Kwamba unaaminika, hilo linahitaji ushahidi mwingine, tena wa mwenye kujua. Hiyo ndiyo hukumu ya wafuasi laki moja.

La pili: UAMINIFU UNA MIPAKA YAKE. Alikuwepo mpokezi wa Sham aitwaye Ismail bin Ayyash. Wanazuoni walisema anapopokea kwa watu wa Sham, watu wa kwao, anakubalika. Anapopokea kwa watu wa Hijaz anachanganya, kwa hiyo ni dhaifu. Mtu ni yuleyule, ulimi uleule, na hukumu mbili. Leo sisi tukimwamini mtu kwenye ndoa tunamuuliza na biashara, na siasa, na dawa za shinikizo la damu. Hata mimi naulizwa. Mtu ananiuliza kuhusu mkopo wa benki na mbegu za alizeti kwa sababu tu ananisikia nikihutubia Ijumaa.

La tatu: UAMINIFU UNA TAREHE. Abdallah bin Lahia alikuwa kadhi wa Misri na mpokezi mkubwa, akafariki mwaka 174 Hijria. Inaelezwa kwamba vitabu vyake viliungua, na baada ya hapo akawa anachanganya. Wanazuoni wakachunguza nani alimsikia kabla na nani alimsikia baadaye, na waliomsikia zamani kama Abdallah bin Mubarak wakapewa uzito zaidi. Namba ya mtandaoni hailijui hili. Inajumlisha ya mwaka 2010 na ya jana, inakuletea jumla. Fundi aliyekuwa hodari wa injini za zamani anaweza kuwa hajawahi kuifungua hii mpya uliyonunua.

La nne: UNDUGU NA UHASAMA VINAWEKWA KANDO. Imepokewa kwamba Ali bin Al-Madini aliulizwa kuhusu baba yake mzazi, ambaye naye alikuwa mpokezi. Akawaambia wakamuulize mtu mwingine. Waliposhikilia, akainamisha kichwa, kisha akasema kwamba hii ni dini, na baba yake ni dhaifu. Fikiria uzito wa hilo kwa mtoto. Na upande wa pili, maneno ya watu wa rika moja wanaoshindana hayakuchukuliwa hivihivi, kwa kuhofia husuda. Ukosoaji ulitakiwa uelezwe sababu. Weka hayo mbele ya makundi yetu, ambapo sifa ni za kurudishiana na kashfa ni za kukomoana.

MASWALI MATATU YA UMAR (R.A)

Kuna kisa nakipenda sana. Imepokewa kwamba mtu alikuja kutoa ushahidi mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab (r.a). Umar akamwambia kwamba hamjui, alete anayemjua. Akasimama mtu akasema anamjua kuwa ni mwadilifu. Umar akamuuliza kama ni jirani yake, anayeona kutoka kwake na kuingia kwake. Hapana. Akamuuliza kama amewahi kufanya naye muamala wa dinari na dirhamu. Hapana. Akamuuliza kama amewahi kusafiri naye. Hapana. Umar akamwambia basi wewe humjui, na akamtaka yule wa kwanza alete mtu anayemjua kweli.

Uthibitisho wa yule mtu ungekuwa leo, ungekuwa kidole gumba kimoja safi kabisa. Umar alikirudisha.

Ujirani, fedha na safari ni mahali ambapo mtu hawezi kujipamba kwa muda mrefu. Sisi watu wa Mwisenge tunao mfano karibu. Mwalimu Julius Nyerere alianza shule hapa Mwisenge mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili. Inasimuliwa kwamba chifu mmoja, rafiki wa baba yake, alikuwa akicheza bao na kijana Kambarage na kufungwa, akaiona akili yake, ndipo akamshauri mzee apeleke mtoto shule. Hakuna aliyekuwa amemsikia Kambarage wakati huo. Ushawishi wake ulikuwa sifuri. Lakini alikuwepo shahidi mmoja aliyekaa naye kwenye bao, akapigwa kete zake. Ushahidi wa aliyeshindwa na wewe una uzito kuliko makofi ya watazamaji mia.

SASA UFANYE NINI?

Kabla ya kutumia ushauri wa mtu mtandaoni kwenye jambo la afya, mali, chombo, ndoa au dini, jiulize haya:

1. NANI ANAMTHIBITISHA? Acha kuhesabu wangapi, tazama ni nani. Wapo watu wawili watatu wa fani ileile wanaosema huyu anajua? Mafundi wengine wakikwama wanampigia nani? Hilo swali la mwisho peke yake lingewapeleka wale vijana moja kwa moja kwa mzee wa Mwigobero.

2. KATIKA JAMBO GANI? Anaaminika kwa hili unalouliza, au umaarufu wake umetoka kwingine?

3. AMEFANYA LINI MARA YA MWISHO? Yupo kazini, au anasimulia?

4. WALIOFUATA USHAURI WAKE WAKO WAPI? Watafute, uwaulize, pamoja na yule ambaye haukumfaa. Watu huandika "asante sana" siku ya kupokea jibu. Wachache wanarudi kuandika yaliyotokea baada ya hapo.

5. ANAWAHI KUSEMA "SIJUI"? Imepokewa kwamba Imam Malik aliulizwa maswali 48, na katika 32 akajibu kwamba hajui. Na huyo ni Imam wa Madina! Hakuna mtandao unaokupa alama kwa swali ulilojizuia kulijibu. Mwenye kujibu kila kitu anapanda, mwenye kunyamaza pale asipojua anaonekana mvivu. Kwa hiyo alama hii itafute wewe mwenyewe kwa macho yako.

Na jambo likiwa na mamlaka yake, nenda huko. Daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika linalomsajili. Mhandisi ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Neno "injinia" halipatikani kwa kuitwa hivyo na wanakundi. Na fundi aliyejifunza kazini bila kupita chuoni, kama mzee wetu, VETA wana utaratibu wa kumpima ujuzi wake akiwa na vifaa mkononi na kumpa cheti. Nimemshauri mzee aende, na wanawe wamsaidie kujaza fomu.

KWA MAADMINI NA WENYE FANI

Nyinyi mnaosimamia makundi mna amana. Kundi la wavuvi likiwa na watu mia mbili, mkijua kwamba mafundi wa kweli humo ni watano, wataje. Waandikeni juu kabisa ya kundi: fulani kwa injini, fulani kwa nyavu, fulani kwa leseni. Swali likiulizwa, wasubiriwe. Na aliyeuliza atakiwe kurudi kusema matokeo. Hayo hayahitaji kompyuta kubwa, na yangetosha kubadilisha yaliyotokea.

Nanyi mlio na ujuzi mkanyamaza kwa kusema "sitaki ugomvi kwenye kundi", ogopeni. Baadhi ya watu huniambia, "Sheikh, nikimkosoa mtu hadharani si nitakuwa namsengenya?" Jibu ni kwamba kusengenya ni haramu, na jambo hilo halina mzaha. Lakini Imam Nawawi amebainisha hali sita ambazo kutaja aibu ya mtu kunaruhusiwa kwa haja ya kisheria, na mojawapo ni kuwatahadharisha Waislamu na madhara. Kwa mlango huohuo wanazuoni waliingia kukosoa wapokezi. Masharti yake ni kwamba utaje kosa linalohusika tu, utoe sababu yake, usiingize ukoo wa mtu wala ndoa yake, na nia iwe kumwokoa anayetaka kudhurika. "Usipunguze oili, injini itanoki, na sababu ni hii" ni nasaha. "Huyu mjinga mnamsikiliza wa nini" ni kitu kingine.

Hayo nayasema na kwetu masheikh wa mitandaoni, nami nikiwa mmoja wao. Ukurasa huu una wafuasi. Usiwahesabu ukasema Sheikh anajua. Elimu yangu ni ya madrasa na sekondari, na nimekaa miguuni mwa walimu wangu kwa yale niliyosoma kwao. Ukiniuliza talaka nitakujibu kwa niliyosoma, au nitakupeleka kwa aliye juu yangu. Ukiniuliza injini, nitakupeleka Mwigobero. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatutaka tuchunguze habari kabla ya kuitendea kazi, kwa sababu madhara ya kutochunguza yanawaangukia watu wasio na hatia. Wale vijana wawili waliokuwa botini na mwenye injini hawakuuliza swali lolote kundini. Walipanda boti tu.

Allah atujaalie tuwe wenye kuwajua watu kwa haki, atukinge na kupenda kusikika kuliko kusema kweli, awalinde wavuvi wetu ziwani usiku na mchana, na awape wazee wetu wenye ujuzi watu wa kuwasikiliza kabla hawajaondoka na ujuzi wao. Aamiin.

Ukiona lina faida, lipeleke kwenye kundi lako la kazi. Na kama kundini kwenu yupo mzee au kijana anayejua kweli na hakuna anayemsikia, mtaje huko leo hii, useme ni kazi gani ulimwona akiifanya.

Wabillaahi tawfiiq.
Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.